Shajara ya mradi: hedifoni zisizo na waya zinazogoma kwenye laptopu

Jumatatu

Mradi wenyewe ni huu: laptopu ya kazi, hedifoni za Bluetooth za kufunika masikio, na sauti isiyotulia. Laptopu ina mifumo miwili, Windows 11 na Linux yenye PipeWire, programu inayoendesha sauti. Hilo litanisaidia, maana hitilafu ikijitokeza kwenye mifumo yote miwili, ni vigumu kuusingizia mmoja. Hedifoni hizi nazitumia kwa mikutano ya mtandaoni, kwa kusikiliza rekodi za mahojiano ninapoyaandika, na kwa muziki pale kazi inapochosha.

Malalamiko nimeyaandika kabla sijagusa kitu. Sauti inakatika-katika, hasa mchana kazi inapopamba moto. Mkutano ukianza, kila kinachosikika kinageuka kama mtu anayesemea ndani ya debe, na mara nyingine hali hiyo inabaki hata mkutano ukiisha. Kuna nyakati laptopu inaonyesha kwamba hedifoni zimeunganishwa, lakini sauti inatoka kwenye spika za laptopu au haitoki kabisa. Halafu kuna sauti kuchelewa nyuma ya picha.

Wengi wangeyaita yote hayo "Bluetooth mbovu" na kuyatafutia dawa moja. Mimi nayachukulia kuwa mashauri manne mbalimbali mpaka yathibitishe kwamba ni ndugu. Ndiyo maana sianzi na ile dawa inayotolewa kila mahali: futa kifaa, oanisha upya, zima na kuwasha kompyuta. Mara nyingi inasaidia, sikatai. Ubaya wake ni kwamba inarudisha mipangilio mingi kwa mpigo. Hitilafu ikipotea, hujui ilikuwa imejificha wapi, na ikirudi wiki ijayo unaanza upya kabisa. Kwenye mradi huu nitabadilisha kitu kimoja, nisikilize, niandike, ndipo niguse kingine.

Leo nimefanya mchujo tu. Nimechaji hedifoni mpaka zikajaa ili betri isije ikasingiziwa. Nimeziunganisha na simu, nikakaa meza ileile kwa muda mrefu: hakuna mkato. Nimezichomeka kwenye laptopu kwa waya wa milimita 3.5: safi. Kisha nikaunganisha spika ndogo ya Bluetooth na laptopu hiyohiyo, nayo ikakatika vilevile. Kwa hiyo hedifoni hazina kesi. Mshukiwa ni laptopu yenyewe, au kitu kilicho jirani yake.

Jumanne

Nimeanza na shauri jepesi, la sauti kutoka mahali pasipotakiwa.

Kwenye Windows 11, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na V kunaleta orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Kwenye Linux, amri ya `wpctl status` inaweka alama ya nyota mbele ya kifaa kilichochaguliwa. Mifumo yote miwili ilikuwa imechagua hedifoni ipasavyo. Programu ya mikutano ndiyo iliyokuwa na mpangilio wake wa ndani, umebandikwa kwenye spika za laptopu tangu enzi. Programu nyingi za aina hiyo hazifuati mfumo; zina orodha yao ya spika na maikrofoni, na zinakumbuka chaguo la zamani. Nimeziweka zote zifuate chaguo la mfumo.

Sababu ya pili ilikuwa simu. Hedifoni hizi zinaweza kushikana na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Ujumbe ukiingia kwenye simu, hedifoni zinageuza shingo upande huo, na laptopu inabaki ikijiona imeunganishwa huku hakuna anayeisikiliza. Nilizima Bluetooth ya simu tangu asubuhi na tatizo halikuonekana tena. Nimeifunga kesi kwa kuzima uwezo huo wa vifaa viwili kwenye programu ya hedifoni. Nikitaka simu, nitaiunganisha kwa mkono.

Kwa aliye kwenye Windows 10 kuna mtego mwingine. Hedifoni zilezile zinaonekana kwa majina mawili, moja likiishia na Stereo na jingine likiwa na maneno Hands-Free. Ukichagua la pili, unapata sauti ya debe hata kama hakuna mkutano. Windows 11 imeyaunganisha majina hayo kuwa moja. Orodha inapendeza zaidi, ila mabadiliko yanayofanyika nyuma yake sasa huyaoni kabisa.

Jumatano

Leo ni shauri la debe, na hili linahitaji maelezo, kwa sababu anayelijua halimsumbui tena maishani.

Bluetooth ya kawaida haina njia moja ya kupeleka sauti, ina njia mbili, na kila moja inaitwa profaili. Ya kwanza ni A2DP. Hii inapeleka sauti upande mmoja tu, kutoka laptopu kwenda masikioni, kwa stereo. Kodeki yake ya lazima, yaani namna ya kuibana sauti kabla ya kuituma, ni SBC, ambayo kila kifaa cha A2DP kinapaswa kuijua, na kwa ubora wake wa juu uliozoeleka inabeba takriban kilobiti 328 kwa sekunde. Kwa muziki inatosha kabisa. Ya pili ni HFP, iliyobuniwa kwa ajili ya kupiga simu. Hii inapeleka na kurudisha, ila kwa sauti ya mono na kwenye kijia chembamba cha kilobiti 64 kwa sekunde kila upande.

A2DP haina nafasi ya maikrofoni. Programu yoyote ikiomba maikrofoni ya hedifoni, laptopu inalazimika kuacha A2DP na kuhamia HFP. Hapo muziki, mkutano, kengele za mfumo, vyote vinapitishwa kwenye kile kijia chembamba. Si hitilafu wala ubovu wa hedifoni, ndivyo kanuni zilivyoandikwa.

Ubora wa HFP unategemea kodeki ambayo laptopu na hedifoni zimekubaliana. CVSD, ile kongwe, inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na kwa hesabu ya sauti hiyo maana yake ni kwamba hakuna mlio unaozidi Hz 4,000 utakaofika. mSBC inachukua 16,000, na inafikisha mpaka Hz 8,000. Tofauti hiyo si ya wapenda muziki peke yao. Sehemu kubwa ya nguvu ya herufi kama s iko juu ya Hz 4,000, na ikikatwa, s na f zinafanana. Mwenzangu kwenye mkutano alisema "hiyo sijaifikia", mimi nikasikia "hiyo sijaisikia", nikaanza kumrudia maelezo ambayo alikuwa nayo tayari.

Kuona kwa macho ni rahisi kwenye Linux. Nilifungua `pavucontrol`, programu ya mipangilio ya sauti, kwenye ukurasa wa Configuration, nikacheza muziki, kisha nikafungua ukurasa wa kivinjari unaoomba maikrofoni. Profaili ikaruka palepale kutoka `a2dp-sink` kwenda `headset-head-unit`, na muziki ukasinyaa. Nilipofunga ukurasa, baada ya kitambo kidogo profaili ikarudi. Nimerudia mara kadhaa kwa sababu, nakiri, inafurahisha kuangalia.

Sasa ile ajabu ya debe kubaki baada ya mkutano kwisha. Windows 11 inaonyesha kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya maikrofoni, ni programu gani inaitumia wakati huo. Hapo nikampata mchawi: programu ya kuchati iliyokuwa imepunguzwa chini ya skrini bila kuzimwa. Dirisha limefungwa, maikrofoni bado imeshikiliwa. Nilipoizima kabisa, stereo ikarudi yenyewe.

Dawa niliyochagua ni kuachana na maikrofoni ya hedifoni. Sauti inaingia kupitia maikrofoni ya laptopu, inatoka kupitia hedifoni, na A2DP haiguswi. Ili programu zisinizunguke, upande wa Linux nimeandika:

`wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false`

Hiyo ni kwa WirePlumber, msimamizi wa PipeWire, ya kuanzia toleo la 0.5, matoleo ya nyuma yanatumia faili ya mipangilio. Upande wa Windows nimefungua Devices and Printers kwa njia ya zamani, nikaenda kwenye sifa za hedifoni, ukurasa wa Services, nikaondoa tiki kwenye Hands-Free Telephony. Kwenye macOS mantiki ni ileile: acha sauti itoke kwenye hedifoni, na chagua maikrofoni ya ndani kwa kuingiza.

Hasara ipo. Maikrofoni ya laptopu inanasa vidole vyangu kwenye kibodi, na mahali penye kelele ile ya hedifoni ingefaa zaidi kwa sababu iko karibu na mdomo. Nilirekodi sentensi moja kwa njia zote mbili. Ndani ya chumba kimya, ya laptopu imeshinda kwa mbali.

Alhamisi

Mkutano mrefu. Mwenzangu aliuliza: "Ndugu yangu, leo unasikika vizuri. Umenunua maikrofoni mpya?" Nikamwambia nimeacha kutumia ile niliyokuwa nayo.

Ila sauti imekatika nikiwa katikati ya kueleza jambo, tena kwa vishindo. Kesho ni zamu ya shauri hilo, na nadhani ndilo zito.

Ijumaa

Muziki haufai kupimia mikato. Ngoma zinaificha, mapumziko ya wimbo yanaimeza, na baada ya muda sikio linachoka na kuanza kusikia mikato isiyokuwepo. Nimetumia mlio mmoja usiobadilika:

`speaker-test -D default -c 2 -t sine -f 440`

Ni mlio wa kuudhi, lakini mkato wa sehemu ndogo ya sekunde unasikika kama kidole kinachogonga kioo. Upande wa Windows nimecheza faili ya mlio kama huo. Mikato imetokea kwenye mifumo yote miwili. Kwa hiyo nimeyaweka pembeni masuala ya draiva na mipangilio, nikaanza kuangalia hewa.

Bluetooth inaishi kwenye bendi ya 2.4 GHz, kati ya MHz 2,400 na 2,483.5. Ile ya kawaida inaigawa bendi hiyo katika chaneli 79 za MHz 1 kila moja na kurukaruka kati yake hadi mara 1,600 kwa sekunde. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003, inajifunza chaneli zipi zina vurugu na kuzikwepa. Ni mbinu nzuri, mradi vurugu iwe kwenye chaneli chache. Ikitapakaa bendi nzima, hakuna pa kukimbilia.

Niliuacha mlio ukilia nikafanya kazi zangu za kawaida. Kuandika: hakuna kitu. Kivinjari: hakuna kitu. Kunakili folda ya rekodi kwenda diski ya nje: tarararara, mlio ukachanika vipande. Nakala ikaisha, mlio ukatulia. Nikaanzisha nakala nyingine, ukachanika tena.

Diski ilikuwa kwenye poti ya USB 3 upande wa kulia, karibu na bawaba ya skrini. Nikiwa bado nanakili, niliushika waya wake na kuusogeza polepole kuelekea ukingo wa mbele wa meza. Mlio ukapungua kuchanika. Nikaurudisha nyuma ukapita kando ya bawaba, ukazidi. Ni nadra hitilafu ya mawimbi ikushike mkono namna hiyo na kukuonyesha ilipo.

Maelezo yake yanajulikana siku nyingi. Mwaka 2012 Intel ilitoa waraka ulioonyesha kwamba mawasiliano ya USB 3.0, yanayokwenda kwa gigabiti 5 kwa sekunde, yanamwaga kelele ya redio inayoenea hadi ndani ya bendi ya 2.4 GHz. Kelele hiyo inavuja kwenye kiunganishi, kwenye waya, na kwenye kifaa chenyewe kama hakikufunikwa vizuri. Na antena za laptopu nyingi ziko ndani ya fremu ya skrini, nyaya zake zikipita kwenye bawaba kushuka hadi kwenye kadi ya Wi-Fi na Bluetooth. Diski yangu ilikuwa imekaa mlangoni pa antena.

Kilichonivutia zaidi ni nani hasa anayeathirika. Hedifoni ziko kichwani, mbali kidogo na diski, zinasikia vizuri tu. Kiziwi hapa ni laptopu. Kwenye A2DP kila pakiti ya sauti inasubiri jibu fupi la kwamba imepokelewa. Jibu linatoka kwenye hedifoni kwa nguvu ndogo, linafika kwenye antena iliyozungukwa na kelele, na laptopu hailisikii. Basi inatuma pakiti ileile tena, na tena, mpaka akiba ndogo ya sauti iliyo ndani ya hedifoni inaisha. Hapo ndipo unaposikia mkato. Ndiyo maana simu kwenye meza ileile haikuwa na shida: haikuwa na diski ubavuni.

Sikutaka kuamini kwa sababu tu maelezo ni matamu, kwa hiyo nimethibitisha kwa namna tatu. Diski hiyohiyo kwenye poti ya kushoto: mikato michache sana. Diski kwenye waya wa kuongezea wa mita moja, imewekwa mbali: hakuna mkato. Diski kwenye poti ya kulia ileile, lakini kupitia waya wa USB 2 unaokwenda kwa megabiti 480: hakuna mkato. Huo wa mwisho ndio ulionimaliza maneno, kwa sababu mahali ni palepale na diski ni ileile, kilichobadilika ni mwendo wa mawasiliano tu.

Vile vifaa vya kuongeza poti, vyenye HDMI na USB 3 pamoja, vina tabia hiyohiyo, na vingi huwa na waya mfupi unaoviweka palepale kando ya laptopu. Changu nimekihamishia nyuma ya skrini ya nje.

Kama mlio ungekatika hata bila diski, nikiwa hatua mbili kutoka kwenye laptopu, hatua inayofuata ingekuwa kufungua mfuniko wa chini na kuangalia viunganishi viwili vidogo vya antena kwenye kadi. Vinabanwa kwa kubonyezwa tu, na kimoja kikichomoka Bluetooth inabaki hai kwa umbali wa mkono. Sikuhitaji kufika huko.

Jumamosi

Imebaki mikato michache, na yote inaangukia wakati wa kupakua mafaili makubwa. Wi-Fi.

Laptopu ilikuwa imejishikiza kwenye bendi ya 2.4 GHz ya rauta ingawa 5 GHz ipo, kwa sababu rauta inazitangaza zote mbili kwa jina moja na laptopu inachagua yenyewe. Chaneli moja ya Wi-Fi ya MHz 20 inakalia karibu robo ya nafasi ya Bluetooth. Ikipanuliwa hadi MHz 40, inachukua karibu nusu. Zaidi ya hapo, Wi-Fi na Bluetooth kwenye laptopu nyingi ni kadi moja, na mara nyingi zinagawana antena. Wi-Fi ikiwa na kazi nzito, Bluetooth inasubiri zamu.

Upande wa Linux nimelazimisha muunganisho ubaki 5 GHz:

`nmcli connection modify "jina-la-mtandao" 802-11-wireless.band a`

Upande wa Windows, kwenye sifa za kadi ya Wi-Fi ndani ya Device Manager, ukurasa wa Advanced, kuna mpangilio wa bendi inayopendelewa. Si kila kadi inao. Usipokuwepo, njia ya uhakika ni kuingia kwenye rauta na kuzipa bendi mbili majina tofauti. Nikiwa humohumo nimeirudisha 2.4 GHz kwenye upana wa MHz 20, kwa faida ya vifaa vingine.

Nimepakua faili kubwa, nikanakili kwenye diski kwa waya mrefu, mlio ukiendelea. Umekaa sawasawa. Nimeuzima kwa furaha, maana masikio yalikuwa yameanza kuuimba wenyewe.

Nimejaribu pia kugeuka. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na mawimbi ya 2.4 GHz hayapendi kupita kwenye maji. Nikisimama mgongo ukiwa kwenye laptopu, chumba cha pili, mikato inarudi. Hiyo sitaitibu.

Jumatatu

Mambo madogo ya kulala na kuamka.

Sekunde ya kwanza ya sauti ilikuwa inamezwa kila baada ya ukimya. Kwa mtu anayeandika mahojiano ni kero kubwa: unasimamisha, unaandika, unacheza tena, neno la kwanza halipo. PipeWire inalaza kifaa cha sauti baada ya sekunde 5 za ukimya ili kuokoa nguvu, na kukiamsha kunakula muda. Nimeweka `session.suspend-timeout-seconds` kuwa 0 kwa hedifoni hizi. Betri italipa kidogo, nami niko radhi.

Jingine ni hedifoni kukataa kujiunga baada ya laptopu kuamka. Kwenye Windows nimeondoa tiki inayoruhusu mfumo kuizima redio ya Bluetooth ili kuokoa umeme, kwenye sifa zake ndani ya Device Manager, ukurasa wa Power Management. Kwenye Linux nimeongeza mstari `options btusb enable_autosuspend=0` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`. Tangu hapo haijagoma.

Ndipo leo, si mapema, nimesasisha draiva ya Bluetooth kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu na programu ya ndani ya hedifoni kupitia simu. Ningeanza na masasisho nisingejua kamwe habari za diski. Sijasikia tofauti yoyote, na hilo nalo nimeliandika.

Jumatano

Kuchelewa kwa sauti. Hapa sina dawa, nina mipaka tu.

Sauti ya A2DP inafungwa kwenye kodeki, inatumwa, inawekwa akiba, inafunguliwa. Safari nzima hupita milisekunde 100 kwa urahisi, na kwa SBC mara nyingi inakaribia 200 au zaidi. Ukipunguza akiba, mikato inarudi. Ukiiongeza, sauti inachelewa. Ni biashara kati ya viwili hivyo.

Kwa filamu si tatizo sana, kwa sababu mfumo unaweza kuiambia programu ya kuchezea video sauti inachelewa kiasi gani, nayo ikachelewesha picha. Isipofanya hivyo, kwenye programu ya VLC vitufe vya J na K vinasogeza sauti kwa hatua za milisekunde 50, na `pavucontrol` ina sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji wa kila kifaa. Video zangu zimekaa sawa kwa kusogeza kidogo. Michezo ya kompyuta na kinanda ni habari nyingine: hakuna anayeweza kuchelewesha picha ya kidole ambacho umeshabonyeza. Kwa kazi ya kukata rekodi, ambapo nataka kusikia mahali hasa neno linapoanza, narudi kwenye waya wa milimita 3.5 bila kinyongo.

Nimepoteza muda wa kutosha kwenye kodeki, kwa udadisi zaidi kuliko haja. PipeWire inaniruhusu kubadilisha kati ya SBC, SBC-XQ, AAC na LDAC kwenye hedifoni hizihizi. LDAC, kodeki ya Sony, inakwenda kwa kilobiti 330, 660 au 990 kwa sekunde. Nilipoilazimisha kwenye 990 na kurudisha diski mahali pake pabaya, mlio ulichanika kuliko siku zote. Biti nyingi zinahitaji hewa nyingi, na hewa ikiwa chafu ubora huo wa kwenye karatasi unageuka kuwa mikato. Nimeiacha ijichagulie kiwango. Kwa sauti za watu wanaoongea, sijaona sababu ya kuikimbia SBC.

Suluhisho la kweli la sauti ya debe ni LE Audio, yenye kodeki ya LC3, inayoweza kupeleka stereo nzuri huku maikrofoni ikifanya kazi. Inahitaji laptopu, draiva na hedifoni zote ziijue. Toleo la Bluetooth la 5.2 au zaidi kuandikwa kwenye boksi haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu uwezo huo si wa lazima ndani ya toleo. Kadi yangu haina. Nimeweka alama kwenye orodha ya vya kuangalia siku nitakapobadilisha kompyuta.

Ijumaa

Asubuhi debe limerudi upande wa Windows, na halikunitisha. Sasisho la hedifoni la Jumatatu lilinilazimisha kuzioanisha upya upande huo, na kuoanisha upya kunazirudisha huduma zote za kifaa zikiwa zimewashwa, ikiwemo Hands-Free Telephony. Nimeondoa tiki tena. Kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kasha la hedifoni nimeandika mambo ya kukagua kila zikioanishwa: huduma ya Hands-Free, maikrofoni iliyochaguliwa kwenye programu ya mikutano, na diski iko poti gani.

Upande wa Linux mpangilio wa WirePlumber umebaki vilevile, kwa kuwa haujafungwa kwenye kifaa kimoja. Shauri ambalo bado liko wazi ni hedifoni kushika vifaa viwili. Nimewasha tena uwezo huo leo, simu ikiwa imezimwa milio ya ujumbe, nione kama inatosha simu kunyamaza au lazima itengwe kabisa. Mpaka sasa simu imeingiza ujumbe mara kadhaa na laptopu haijapoteza sauti.